Mashine ya Selmer Tveit

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Ngano yote imeingia ghalani. Leo sikukuu ya wafanyakazi hapa Marekani, hakuna anayefanya kazi nyumba hii ila mke wangu Lavona. Habari kubwa: Selmer Tveit anakufa!

Niandike vizuri, nisije nikaonekana mtu mbaya. Sifurahii mtu kufa. Selmer ni jirani yangu wa miaka thelathini na moja, uzio wake unaanza pale wangu unapoishia. Mapafu yamekwisha. Daktari kamwambia Krismasi hataiona. Nimesikitika sana. Nimesikitika mpaka saa nne asubuhi hivi. Kisha nikakumbuka mashine.

Kila Jumamosi ya mwisho ya Septemba klabu yetu ya shabaha ina Mechi ya Mikono. Sheria ni moja tu. Unapiga risasi tano ulizozitengeneza mwenyewe, nyumbani kwako, kwa mashine ya mkono. Za dukani hazigusi uwanja. Unaweka kiganja juu ya kisanduku chako, unasema mbele ya watu, "Nimezikandamiza mwenyewe," ndipo unapiga. Selmer ameshinda mara kumi na tisa. Mimi nimekuwa wa pili mara kumi na nne. Tundu lake la mwaka sabini na tisa limetundikwa ukutani: risasi tano, tundu moja, na pete ya ndoa ya mkewe Ardis ililizunguka lote bila kuligusa. Tangu siku hiyo tundu la ushindi hupimwa kwa pete ile ile. Mara kumi na nne nimesimama nikitazama Ardis anaivua kwa ajili ya mumewe.

Siri si jicho lake. Jicho lake la kawaida kabisa. Siri ni ile mashine nyeusi ya mwaka hamsini na mbili aliyoifunga mezani katika chumba cha chini cha nyumba yake. Mimi ninayo ya kwangu ndogo, mpya, inayotoa risasi kama mbegu za maboga.

Mpango: kuwa rafiki mwema wa mgonjwa.

Jumanne, 3 Septemba

Nimekwenda kwa Selmer na bakuli la viazi na nyama ya kusaga, limetoka jikoni sasa hivi. Lavona alilioka kwa ajili ya mkutano wa kina mama wa kanisa. Hajajua bado.

Selmer kakaa kwenye kiti cha dirishani, mpira wa oksijeni puani, mtungi pembeni. Amekonda, suruali imebaki kuning'inia kwenye mikanda ya mabegani. Kaliangalia bakuli, kaniangalia mimi, kauliza nimekuja kuomba nini. Nikasema siombi kitu, nimekuja kumjulia hali. Akasema miaka thelathini na moja sijawahi kumletea hata chumvi. Ardis akacheka jikoni.

Nikapiga soga kidogo habari za mvua ya mawe. Kisha nikauliza, kwa upole, kama mashine bado inapata mafuta. Akasema mashine ina afya kuliko yeye. Nikasema chuma kisichotumika hushika kutu, na niko tayari kuichukua siku chache niisafishe, kama ujirani. Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kumbe anafikiri.

Akasema nichukue. Alhamisi anaingia hospitali kukamuliwa maji ya mapafu, hatarudi hadi wiki ijayo. Niitumie nipendavyo. "Ila Jumamosi ya tarehe kumi na nne iwe mezani pangu, jirani. Nataka kukandamiza tano za mwisho kwa mkono wangu mwenyewe. Nimemwambia daktari anifikishe kwenye mechi, baada ya hapo afanye atakalo."

Nikasema hilo halina shaka. Akanishika mkono wa shati, akatoa masharti, kila neno na pumzi yake. Nitumie madini laini tu ya risasi, yale ya kuvuliwa kwenye nyaya za simu za zamani. Akanipa fungu la kwenda nalo. Nguvu isizidi ya vidole viwili. Mpini wenyewe utaniambia mahali pa kuishia. Na ukifika katikati, mashine itakohoa, nisiitie mafuta hapo. Imekohoa tangu alipoinunua, na kwa kikohozi hicho ndipo anapojua mambo yako sawa.

Nimeibeba hadi kwenye pikapu. Nzito kama ndama! Furaha ilinijaa hadi nikasahau kuaga.

Lavona amejua habari za bakuli. Kina mama wamekula biskuti. Anasema nazunguka kitanda cha mgonjwa kama tai, bado tu kuota manyoya.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimeifunga mashine chumba cha chini, kwenye meza iliyo mbele ya rafu ya Lavona ya viazisukari vyekundu vya siki. Hakuna mahali pengine imara.

Kitasa cha mpini Selmer alikichonga mwenyewe kwa pembe ya kulungu. Kimelika upande mmoja, kiganja chake kimejichimbia shimo miaka arobaini. Kiganja changu hakiingii. Nimejaribu kukikunja kila namna.

Kazi yenyewe mtoto anaielewa. Unakata kipande cha madini, unakitia kwenye kalibu, unavuta mpini, kinatoka na umbo. Unakivika ganda la shaba, unavuta tena. Nikavuta. Katikati mashine ikakohoa, kho! Nikaruka. Kweli inakohoa kama mzee.

Risasi arobaini na mbili. Thelathini zimepinda. Kumi zina mikunjo kama shingo ya kobe. Mbili nzuri, nimeziangusha, sizioni. Fungu la madini laini limekwisha.

Lavona kashuka kuchukua mtungi wa siki, kauliza kama Selmer naye huvuta kwa haraka namna ile. Nikamwambia Selmer ana madini mazuri, mimi kanipa makapi. Akachukua mtungi wake, akapanda ngazi.

Jumamosi, 7 Septemba

Siku ya kuzimu. Naandika kwa kalamu ya risasi maana kalamu ya wino imevunjika nayo.

Asubuhi nilipata wazo. Kwa nini madini laini? Kitu laini hupinda, kitu kigumu hakipindi! Hiyo ni akili ya kawaida. Nikaenda gereji mjini, nikaomba vile vipande vya kusawazishia magurudumu, wanavibandua kwenye rimu na kuvitupa ndooni. Vigumu kweli, ukivigonga vinalia. Wakanipa ndoo nzima, wakanishukuru kwa kuiondoa.

Kipande cha kwanza kikaingia kwenye kalibu. Nikavuta kwa vidole viwili. Hakikusogea. Nikavuta kwa mkono. Mikono miwili. Mashine ikafika katikati, ikakohoa, ikakwama hapo. Sasa mtu mwingine angeacha. Mimi nikaenda shambani, nikaleta bomba la chuma la futi tatu, nikalivisha juu ya mpini ili uwe mrefu. Hii njia kila mkulima anaijua. Nikaning'inia.

Mlio ulikuwa kama kengele ya kanisa iliyoangushwa. Shingo ya mashine ikapasuka kuanzia juu hadi chini, kipande cha ukubwa wa ngumi kikaruka na kuua mitungi sita ya siki. Mpini ukarudi na bomba lake ukanipiga taya. Jino la mbele halipo. Nikabaki sakafuni, siki nyekundu imetapakaa kila mahali.

Lavona akafika mlangoni akapiga ukelele, akadhani ni damu. Alipojua ni siki, akapiga ukelele wa pili, mkubwa zaidi.

Nimeitazama mashine. Ufa unapitisha ukucha. Miaka arobaini na minne ilikohoa bila kuvunjika, na kwangu imeishi siku nne. Zimebaki wiki tatu mechi ifike, na alichoomba yule mtu ni risasi tano.

Jumatatu, 9 Septemba

Jana kanisani mchungaji aliomba dua kwa ajili ya mapafu ya Selmer. Mimi niliomba kwa ajili ya mashine. Nilifumba mdomo, pengo lisionekane.

Leo nimejaribu kuichomelea. Chuma kile cha zamani hakipendi moto. Ufa ulizibika vizuri, nikatia rangi nyeusi, nikarudi nyuma nikaitazama. Safi! Nikapiga simu kwa dada yangu kujisifu, bila kumwambia ni nini. Nikiwa bado kwenye simu nikasikia, ting. Ufa umerudi, na umezaa mwingine.

Lavona anasema niende hospitali leo hii, nimwambie Selmer ukweli, yeye ni mtu mzima. Nikamwambia huwezi kumpa mgonjwa habari mbaya, ni ukatili. Akauliza tangu lini nimekuwa mtu wa huruma. Nikasema tangu Jumamosi.

Jumatano, 11 Septemba

Mungu hamtupi mja wake! Miles City kuna gulio la vitu vikuukuu kila Jumatano. Nimeendesha saa mbili. Kibanda cha mwisho kabisa, baina ya viatu vya farasi na mashine ya kusukumia mikate, mashine nyeusi. Kampuni ile ile, umbo lile lile, shingo ile ile, nzima. Mwenye kibanda, mwanamke aliyevaa kofia ya kiume, hakutaka kitu kingine chochote ila darubini ya bunduki yangu. Aliiona kwenye kiti cha pikapu. Nikamwambia haiwezekani, nina mechi. Akaanza kuifunika mashine kwa turubai, polepole, huku akinitazama.

Darubini imekwenda.

Nimefika nyumbani, nikafungua kitasa cha pembe kutoka mashine ya Selmer, nikakifunga kwenye hii. Nikaikwangua rangi pale pale ya kwake ilipokwanguka. Nikaipaka jivu. Mama yao hawezi kuzitofautisha. Ina ulegevu kidogo mpini ukishuka, kama goti la mtu mzima, lakini hilo nalo linaweza kusemwa la mashine yoyote.

Ile iliyopasuka nimeifukia nyuma ya banda la kuku. Nilivua kofia, sijui kwa nini.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimeirudisha asubuhi, nikaifunga mezani pake. Selmer karudi kutoka hospitali. Ardis na mimi tulimteremsha ngazi za chumba cha chini, kidato kimoja, pumzi, kidato kimoja, pumzi. Ni vidato kumi na moja. Nilivihesabu vyote.

Kaketi kwenye kigoda chake. Kaniuliza jino limeenda wapi. Nikasema nilianguka kwenye ngazi nikisafisha mfereji wa paa. Akauliza, "Ngazi yako siku hizi ina mpini?" Ardis akanitazama taya. Kuna alama ndefu ya buluu, imenyooka kabisa. Nikakohoa, nikasema jua limekuwa kali.

Akaweka kiganja kwenye kitasa cha pembe. Kikaingia kwenye shimo lake pale pale. Nilishusha pumzi. Akatia kipande cha madini laini, akavuta mpini taratibu, vidole viwili. Ukashuka hadi chini. Kimya.

Akabaki hapo hapo, mkono uko chini. Nikasikia mtungi wa oksijeni unavyopumua.

"Imeacha kukohoa," akasema. "Basi mmoja wetu amepona."

Nikasema niliitia mafuta, samahani, najua aliniambia nisitie, nilijisahau. Akasema haidhuru. Akaendelea. Kila risasi ilimchukua robo saa, na katikati alilaza kichwa mezani. Ardis alitaka kumsaidia kuvuta. Kamwambia kwa sauti ndogo, sheria ni sheria, mama. Ya tano ilipotoka akaigeuzageuza vidoleni, karibu na miwani. Kasema, "Si mbaya kwa mgeni." Nikauliza mgeni gani. Akasema anaota tu, dawa za hospitali zinamvuruga.

Nimepona! Hajui kitu!

Jumatatu, 23 Septemba

Shida mpya. Mechi ni Jumamosi, sina darubini wala risasi za maana. Mashine yangu ndogo imetoa mbegu za maboga wiki nzima.

Nimekwenda kwa Selmer na chapati za viazi. Safari hii nilimwomba Lavona kwanza. Selmer hatoki tena kitandani. Kauliza bunduki yangu iko tayari. Nikasema darubini iko kwa fundi, inatengenezwa. Akamwita Ardis, akamwambia anifungulie kabati. Darubini yake mwenyewe! Atatumia ya zamani ya baba yake. Nilikataa mara moja. Aliponisukumia tena, sikukataa.

Kisha akatoa chini ya mto kikopo cha peremende za kikohozi, kifuniko chekundu. Ndani risasi tano. Akasema ni za mwaka jana, za mashine yake ilipokuwa bado inakohoa. Kaniambia nizipime, nizitazame mgongo na ncha, nijifunze umbo linavyotakiwa kuwa. Si za kupiga. Mechi ni ya mikono ya mtu mwenyewe, na mimi najua hivyo.

Nikasema najua hivyo. Nikaapa, hakuna aliyenidai kiapo.

Niliziona nikiwa kwenye pikapu. Zote tano mtu na pacha wake. Nimezitazama hadi macho yakalowa. Kwa nini mtu ananifanyia wema na mimi nina siri kama ile? Ananitia katika hali ngumu sana, Selmer. Hafikirii.

Jumamosi, 28 Septemba

Upepo kidogo, jua jeupe, watu sitini hivi na themosi zao za kahawa. Selmer kaletwa na kiti cha magurudumu, blanketi miguuni. Wote wakavua kofia, akawaambia wazivae, hajafa bado, na hata akifa kuna baridi.

Alipiga wa kwanza. Kaweka kiganja juu ya kisanduku chake. "Nimezikandamiza." Pumzi. "Mwenyewe." Duane Kolstad, mwenyekiti, akageuka kutazama milima ambayo hatuna.

Risasi tano. Nilizitazama kwa darubini yake mwenyewe. Moja juu, moja kushoto, mbili zimeachana kama majirani waliogombana, ya tano ukingoni mwa karatasi. Utadhani amepiga akiwa juu ya trekta. Nilijua ni goti lile la mashine ya gulio, ulegevu ule. Mkono wake ulikuwa imara. Niliuona, haukutikisika hata kidogo.

Ardis akamfuta miwani. Haikuwa chafu.

Ikafika zamu yangu. Nilikuwa na mbegu za maboga mfuko wa kushoto. Naapa nilikusudia kutoa za kushoto. Lakini fikiria: Selmer ameshashindwa! Kwa mara ya kwanza tangu tuanze. Mlango uko wazi, sitaupata tena, na niliyeufungua ni mimi, kwa jino langu. Mkono wa kulia ukaingia mfukoni wenyewe.

Nikaweka kikopo mezani, nikaweka kiganja juu yake, nikasema kwa sauti, "Nimezikandamiza mwenyewe." Ndipo nikaona ni kikopo cha peremende. Kifuniko chekundu. Nilisahau kuhamisha! Duane hakukijua. Watu hawakukijua. Nikainua macho, na Ardis alikuwa anakitazama. Selmer alikuwa ananitazama mimi. Angeweza kusema neno moja. Pumzi moja ilikuwa inatosha.

Hakusema.

Nikapiga. Sikuhisi hata bunduki. Tano, tundu moja, limekatika safi. Watu wakapiga makelele. Duane akabandua karatasi, akamwita Ardis, kwa desturi. Ardis akavua pete. Siku hizi inatoka kwa urahisi, amekonda naye. Akaiweka juu ya tundu. Ikalizunguka, na nafasi ikabaki. Akaivaa bila kuniangalia.

Orval Brekke, mshindi! Baada ya mara kumi na nne! Duane ataandika jina langu ukutani kwa rangi ya dhahabu.

Selmer akasogezwa hadi nilipo. Akanipa mkono. "Tano nzuri hizo, jirani," akasema. "Aliyezitengeneza anaijua kazi."

Nikasema asante. Nilisema asante! Kisha nikaenda kukaa kwenye pikapu, nikafunga vioo, nikangoja furaha ije. Lavona akaja akakaa kando yangu. Kauliza kile kikopo nilikitoa wapi. Nikawasha gari.

Jumapili, 29 Septemba

Nilipiga mazoezi ya kuungama tangu kiamsha kinywa, mbele ya kuku. Baada ya ibada nikaenda. Darubini mkononi, kikopo mfukoni.

Selmer alikuwa macho, sauti imebaki ndogo sana. Nikasema nina jambo. Akauliza kama lina haraka. Ilikuwa nafasi yangu, mlango mzima. Nikasema halina haraka sana. "Basi litasubiri," akasema, na tukatazama dirishani hadi saa ya dawa. Kulikuwa na mbayuwayu wamejipanga kwenye waya wa simu.

Nitamwambia Jumapili ijayo.

Jumapili, 6 Oktoba

Nilikuwa nimevaa koti tayari. Ardis akapiga simu. Selmer amefariki saa moja asubuhi, kahawa bado iko mezani.

Nimevua koti. Nimelivaa tena. Sijui pa kwenda nalo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Tumemzika jana. Kwenye ibada Duane alinipongeza kwa ushindi, mbele ya jeneza, akidhani ananituliza.

Leo asubuhi Ardis kaniita. Nikaenda na Lavona. Ardis akatupa kahawa na keki ya mazishi iliyobaki. Kisha kasema twende chumba cha chini, Selmer aliacha maagizo. Vidato kumi na moja.

Mashine iko mezani. Ardis kasema, "Selmer kaniambia uje uchukue mashine yako." Akakazia lile neno la mwisho, kisha akafungua kitasa cha pembe kwa spana, akakitia mfukoni mwa aproni. Kasema hicho ni chao. Nikabaki na mashine na tundu la skrubu.

Chini ya meza kulikuwa na ndoo iliyofunikwa. Madini laini, ya nyaya za simu, yameviringwa vizuri, ya kumtosha mtu maisha yake yote. Juu yake karatasi, mwandiko unaoyumba:

"Orval. Haya ndiyo yanayotakiwa. Vya gereji usitie tena. Bomba lirudishe shambani. Nilikuwa nakungoja uniambie, lakini nilikuwa na haraka kuliko wewe. Selmer."

Nimekaa sakafuni. Nililia, nasema wazi, nililia hadi Ardis akaniletea taulo la vyombo. Alijua tangu siku aliponiuliza habari za jino, na habari za ndoo ya gereji mji wetu mdogo haufichi. Alijua alipoiweka mikono kwenye mashine ngeni, akazitengeneza zile tano akijua, akazipiga akijua, akaacha pete ya mkewe ivuliwe kwa ajili yangu. Alikuwa rafiki yangu pekee ulimwengu huu na mimi nilimwona kama kabati la kufunguliwa. Nikamwambia Ardis yote. Banda la kuku, gulio, kikopo. Akasema mumewe alimwambia tayari, na alicheka hadi oksijeni ikamtoka puani. Halafu akasema nimwambie Duane afute jina langu. Nikasema nitamwambia. Jumatatu. Au baada ya sikukuu, watu wakitulia.

Lavona ndiye aliyeendesha gari kurudi. Tulipofika akanishika mkono, kitu ambacho hajafanya tangu harusi ya binti yetu. Kasema labda sasa nimekuwa mtu.

Jioni, saa kumi na moja. Nimeifunga mashine mahali pake, mbele ya rafu. Lavona ameihamisha siki. Madini ya Selmer nimeyatazama kwa heshima. Mazuri mno kuchezewa. Nitayatunza kwa ajili ya mechi ya mwaka kesho, nitashinda kwa haki, kwa mikono yangu, kwa kumkumbuka. Mpaka hapo lazima nifanye mazoezi, na mazoezi yanataka kitu, na ile ndoo ya gereji bado imejaa robo tatu.

Na nimelifikiria lile bomba kwa utulivu, bila hasira. Kosa halikuwa bomba. Futi tatu zilikuwa fupi, ndiyo maana nilining'inia. Nimepata la futi tano.